Jiko la Goma: kutoka boyeri ya Wabelgiji hadi makabati ya Himbi

Ukipita siku hizi kwenye avenyu za Himbi, Katindo au Keshero, ambako nyumba mpya zinainuka juu ya mawe ya volkano, mwombe fundi akuoneshe plani. Karibu kila karatasi ina jambo moja linalorudi. Nyuma ya saloni kuna chumba kilichoandikwa "cuisine", na ndani yake mistari ya makabati, sinki, mahali pa friji, mahali pa fua ya umeme au gesi. Kisha, nyuma kabisa, karibu na ukuta wa parseli, kuna kamraba kadogo. Mara nyingine kameandikwa "annexe", mara nyingine hakana jina lolote. Kwa siku nyingi za mwaka, chakula cha familia kitapikiwa kwenye kale kamraba.

Mwenye nyumba atalipa pesa nyingi kwa chumba cha kwanza: mbao, makaro, bawaba, jiwe la kuweka juu. Kamraba atakamaliza kwa manjanja yaliyobaki. Halafu mama wa nyumba, au binti yake, au mpishi wa kulipwa, atasimama pale kwenye mvua na moshi akikoroga fufu, huku makabati ya ndani yakihifadhi glasi za wageni. Watu wengi husema hiyo ni mazoea tu, eti Mukongomani hawezi kuacha makala. Lakini ukifuata historia ya jiko katika mji huu utaona mazoea ni sehemu ndogo. Kuna ukoloni ndani yake, kuna volkano, kuna mbuga ya Virunga, kuna umeme unaokuja na kwenda, na kuna vita.

Kabla ya mji kuwa mji, watu wa Masisi, Rutshuru na kandokando ya Ziwa Kivu walipika juu ya mafiga matatu, kwa kuni. Jiko lilikuwa moto, wala si chumba. Moshi uliopanda chini ya paa la nyasi ulikausha mahindi na kufukuza wadudu. Ulidhuru macho na vifua pia, hilo halifichiki. Ila ulikuwa na kazi, na paa la nyasi liliuacha utoke polepole. Siku paa lilipobadilishwa na kuwa la bati, moshi ulikosa njia, na moto ukahamishiwa nje.

Goma yenyewe ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji, uso kwa uso na Gisenyi ya Wajerumani, hadi Wabelgiji walipoingia Rwanda mwaka 1916. Baada ya hapo wazungu wa utawala, wa mashamba na wa biashara walijenga kandokando ya ziwa. Nyumba zao zilifuata mtindo uliojulikana Kongo nzima. Mbele kulikuwa na barza, na neno hilo walilichukua kutoka kwetu, ni baraza yetu iliyopoteza herufi moja. Katikati vyumba. Nyuma jiko, mara nyingi limetengwa na nyumba au limeunganishwa nayo kwa ujia wenye paa, na nyuma zaidi boyeri, vyumba vya wafanyakazi.

Plani ile ilikuwa na akili yake. Moto, harufu, majivu na kelele vilikaa mbali na saloni. Mpishi pia alikaa mbali. Katika Kongo ya Wabelgiji kazi ya nyumba ilifanywa zaidi na wanaume, na aliyepika kwa mzungu alikuwa mwanaume mwenye mshahara, aliyejua supu na mkate, na ambaye jioni alirudi boyeri kupika chakula chake mwenyewe kwenye moto wa chini. Kwa hiyo hata wakati ule parseli moja ilikuwa na majiko mawili, moja la chakula cha bwana, lingine la wanaopika.

Hapa inafaa kutazama Ulaya, maana miaka hiyohiyo kule jiko lilikuwa linageuka. Mwaka 1926 katika mji wa Frankfurt, mwanamke msanifu wa majengo, Margarete Schütte-Lihotzky, mzaliwa wa Vienna, alichora jiko dogo la mita 1.9 kwa 3.4. Alipima hatua za mwanamke anapopika, akapanga sinki, meza, makabati na fua ili mkono ufike bila mguu kutembea sana. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yalijengwa katika nyumba za wafanyakazi chini ya uongozi wa mkuu wa ujenzi wa mji, Ernst May. Hilo ndilo babu wa jiko la makabati tunalolijua leo.

Wabelgiji hawakuchelewa. Mwaka 1930 Louis Herman De Koninck, msanifu wa Brussels, alionesha jiko lake lililoitwa Cubex, la makabati ya vipimo vilivyosanifishwa ambayo mtu aliweza kuyapanga kulingana na chumba chake, kama matofali. Kampuni ya Van de Ven iliyatengeneza, na Cubex likaingia katika nyumba nyingi za Ubelgiji.

Swali linakuja lenyewe: kama mtawala wa Kongo alikuwa na jiko hilo kwao tangu 1930, kwa nini halikuwa kawaida huku? Jibu si gumu. Jiko la Frankfurt na Cubex vilizaliwa kwa sababu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wafanyakazi wa nyumbani walipungua Ulaya na mishahara yao ikapanda. Mama wa nyumba alibaki peke yake na sufuria zake, ndipo watu wakaanza kuhesabu hatua zake. Katika Kongo mzungu yuleyule alikuwa na mpishi, boy, mlinzi na mtu wa bustani. Hakukuwa na sababu ya kuhesabu hatua za mtu ambaye mshahara wake ulikuwa mdogo namna ile. Jiko la makabati lilikuwa dawa ya ugonjwa ambao mkoloni hakuwa nao.

Ernst May mwenyewe alifika Afrika Mashariki. Mwaka 1934 alikwenda Tanganyika kulima, karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi, akachora upanuzi wa Kampala na jengo la makumbusho ya Uganda, kabla ya kurudi Ujerumani katika miaka ya 1950. Mtu aliyesimamia jiko mashuhuri kuliko yote duniani aliishi karibu miaka 20 katika ukanda wetu, na jiko lile halikuenea kwa wapishi wa ukanda huu. Waliopewa nafasi ya kufikiriwa ni wengine.

Upande wa Wakongomani, serikali ya Ubelgiji iliunda mwaka 1952 shirika la kujenga nyumba za Waafrika mijini, Office des Cités Africaines. Lilijenga Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, na hapa karibu nasi Bukavu, ambako kartie ya Bagira ni kazi yake. Katika vituo vilivyoitwa foyer social, wanawake walifundishwa kupika, kushona na kupanga nyumba jinsi Wabelgiji walivyoona inafaa. Goma ilikuwa ndogo mno kupata miradi mikubwa ya nyumba kama ile. Mji ulikua wenyewe, parseli kwa parseli, na kila mtu alijenga jiko lake kadiri ya mfuko wake.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, na hasa baada ya Mobutu kutangaza zairianisation tarehe 30 Novemba 1973, nyumba nyingi za wazungu zilipata wenye wapya. Familia za Kizairwa ziliingia katika plani ya bwana na boyeri. Ndugu waliokuja kutoka kijijini kusoma au kutafuta kazi walilala boyeri. Jiko la ndani, lililokusudiwa mpishi mmoja na chakula cha watu wanne, halikutosha sufuria ya watu kumi na wawili. Chakula kilirudi uani, penye nafasi na hewa, na penye watu wa kuongea nao wakati sombe inachemka. Plani ya ukoloni ilibaki, maana yake ikageuka.

Mawe na mbao

Hakuna anayepanga jiko Goma bila kupanga na Nyiragongo. Mlima huo wenye urefu wa mita 3,470 uko chini ya kilomita 20 kutoka mjini. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la moto lilimwagika kwa muda usiozidi saa moja, na lava ikashuka kwa kasi ambayo wanasayansi bado wanaitaja. Tarehe 17 Januari 2002 ilikuwa zamu ya mji wenyewe. Lava ilipita katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Watu kama 120,000 walikosa makao.

Waliorudi walikuta parseli zao chini ya mwamba mweusi. Walijenga juu yake, na wengi walijenga kwa mbao. Nyumba ya mbao ni nyepesi, haihitaji msingi mrefu, inasimama haraka, na mtu akihama anaweza kuibomoa na kuibeba. Lakini nyumba ya mbao na moto ni maadui. Mtu wa Birere au Mabanga hahitaji kuelezwa, maana habari za nyumba zilizoteketea kwa mbabula iliyoachwa ndani hazijawahi kuwa habari mpya. Kwa hiyo kutenga jiko na nyumba, jambo lililoanza kwa sababu za cheo cha mkoloni, liliendelea kwa sababu ya usalama.

Mwamba una amri yake ya pili, na hii inagusa hata matajiri wa Himbi. Lava haichimbiki kwa jembe. Mtaro wa bomba la maji machafu unapasuliwa kwa nyundo na patasi, mita moja baada ya nyingine, na ukishachimbwa hauhamishwi. Katika miji yenye udongo laini fundi huchora makabati kwanza, kisha akaleta bomba mahali sinki lilipo. Goma ni kinyume. Sinki huenda mahali mwamba ulipokubali, na makabati yanafuata. Mafundi wazee wanalijua hilo. Vijana wanaotoa plani kwenye simu, zilizochorwa kwa ajili ya Dubai au Brussels, hulijua siku nyundo inapovunjika.

Kuna pia mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa mabondeni, hasa magharibi ya mji kuelekea Lac Vert na Bulengo. Ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida, haina rangi. Jiko au stoo iliyochimbwa chini ya usawa wa kiwanja katika sehemu hizo inaweza kuijaza kama beseni. Wazee huona moto unaozimika wenyewe kuwa onyo, nao wana haki. Dirisha refu la juu, ambalo plani za Ulaya zinalipenda, halisaidii kitu kwa gesi inayotambaa sakafuni.

Makala

Sasa makala, hayo ya moto, si ya kusoma gazetini. Kuni ziliutosha mji mdogo. Mji mkubwa unahitaji kitu chepesi kubeba, kisicho na moshi mwingi, kinachokaa ghalani bila kuoza. Makala yalitimiza yote hayo, na chukudu ikayaleta mjini. Mbabula inahamishika: mvua ikinyesha inasogezwa chini ya paa, wageni wakija inaongezwa ya pili. Hakuna fua ya makabati inayoweza kufanya hivyo.

Ila mti hutoka mahali fulani. Mbuga ya Virunga, iliyoundwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la mfalme Albert, inapakana na mji. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, wakapangwa Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga. Walipaswa kupika. Zaidi ya kilomita 100 za mraba za msitu wa mbuga ziliguswa na mashoka yao. Baada ya wakimbizi kuondoka, biashara ya makala ilibaki na ikawa na wenyewe. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimewataja wapiganaji wa FDLR kati ya waliofaidika nayo. Julai 2007 sokwe wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi ndani ya mbuga, na uchunguzi ulielekea kwa watu wa biashara hiyohiyo. Walinzi wa mbuga wamekufa katika vita hivyo, na wanaendelea kufa.

Shirika la WWF lilianza mwaka 2007 mradi wa EcoMakala, kuwahimiza wakulima kupanda miti ya kuchomea makala nje ya mbuga, na majiko yanayookoa makala yalisambazwa mjini. Hatua nzuri, ila mji ulikua kuliko miti.

Na hapa jambo la jiko linaacha kuwa la mapambo. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walieleza wazi kwamba wanawake wengi waliowahudumia katika kambi za waliohama vita kuzunguka Goma walibakwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Ukichora jiko bila kuuliza moto wake unatoka wapi, umeacha sehemu ya plani nje ya karatasi.

Umeme, fedha za kodi na makabati

Ahadi ya umeme ni ya zamani. Bwawa la kwanza la Ruzizi, karibu na Bukavu, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, Ruzizi II, lilifunguliwa mwaka 1989 kwa ajili ya Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini waya wa SNEL uliofika Goma ulikuwa mwembamba kwa mji uliokuwa unanenepa. Balbu iliwaka, mara nyingine. Kupikia ni jambo jingine, kwani fua moja inaweza kula umeme wa balbu mia.

Wakati huohuo katika maji ya kina ya ziwa kuna metani kiasi cha kilomita za ujazo 60 hivi. Ng'ambo, Rwanda, kiwanda cha bia cha Gisenyi kilitumia gesi hiyo katika miaka ya 1960, na leo mtambo wa KivuWatt unatoa umeme kutoka ziwa lilelile. Mama wa Goma anaangalia maji hayo kila asubuhi akiwasha makala.

Baada ya 2002 zilikuja fedha za namna nyingine. Mashirika ya misaada, MONUC, wafanyabiashara wa madini, wote walitaka nyumba za kupanga, na walilipa kwa dola. Mwenye nyumba alitaka kumpendeza mpangaji mgeni, na mgeni alitaka jiko la ndani, sinki lenye robine, fua ya gesi. Kwa njia hiyo jiko la makabati liliingia Goma kwa wingi, kama bidhaa ya kupangisha nyumba. Halikuja kwa sababu familia ya hapa ilikaa ikahesabu hatua za anayepika. Waliojenga za kuishi wenyewe waliiga walichokiona kwa majirani, na seremala wa mjini wakajifunza haraka. Wengi leo ni mabingwa, kabati lao halina cha kuonea haya mbele ya la kuagizwa.

Tatizo liko katika vipimo. Kabati la chini la kawaida lina kina cha sentimita 60 na kimo cha 85 hadi 90. Vipimo hivyo vilitengenezwa kwa sufuria ndogo na kisu, kwa mtu anayekata na kukoroga taratibu. Weka juu yake sufuria ya fufu ya watu kumi: ukingo wake unafika kifuani, na mwiko hauwezi kushuka kwa nguvu. Fufu hukorogwa kwa uzito wa mwili, sufuria ikiwa chini, imeshikwa kwa miguu au kwa vyuma. Sombe inataka kinu, na kinu juu ya makaro ni makaro yaliyopasuka. Maharage yanataka moto wa saa nyingi, ambao kwa mita ya umeme ya kulipia mbele ni hesabu ya kuumiza kichwa. Sambaza wa kukaanga wanaacha harufu inayolala saloni siku mbili.

Mambo haya yote yanachorwa kwa urahisi kama mchoraji anayajua. Jukwaa la simenti la kimo cha sentimita 40 au 50, pembeni ya makabati, kwa sufuria kubwa. Sakafu ya jiwe la lava mahali pa kinu. Mlango mpana kati ya jiko la ndani na la nje, usio na ngazi, ili mtu asipande vidaraja na sufuria ya maji ya moto huku mtoto akimzunguka. Wasanifu wa Marekani walizoea kuchora pembetatu kati ya friji, sinki na fua. Ya Goma ina pembe nne, kwa kuwa mbabula ipo, na pembe hiyo ya nne ndiyo inayotembelewa zaidi. Mapipa ya maji yanataka nafasi pia. Robine ya Regideso ikikauka, bidoni za njano zinajipanga mahali palepale ambapo plani iliweka mashine ya kuosha vyombo.

Kwa nini hayachorwi? Kwa sehemu kubwa kwa sababu anayezungumza na fundi siye anayepika. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimweka mume kuwa kichwa cha nyumba, katika kifungu cha 444, na ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya mkataba. Marekebisho ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Karatasi ilibadilika, kiwanja cha ujenzi hakijabadilika sana. Baba anaongea na fundi, anachagua rangi ya makaro, na mama anaitwa nyumba ikiwa imekwisha. Katika Frankfurt ya 1926 jiko lilichorwa na mwanamke, na bado wanawake wa baadaye walilalamika kwamba lilikuwa dogo mno, la mtu mmoja, limemfungia mama peke yake. Je, lisilomuuliza mwanamke yeyote?

Mwaka 2015, mwezi wa Desemba, mambo yalianza kugeuka kidogo. Mtambo wa Matebe huko Rutshuru, wa megawati zaidi ya 13, ulizinduliwa na kampuni ya mbuga, Virunga Energies, na baadaye umeme wake ukafika katika kartie za Goma. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru iliwasha mtambo wa jua wa megawati 1.3 Ndosho. Kwa mara ya kwanza familia nyingi zilikuwa na umeme wa kutegemewa kiasi cha kufikiria kupika nao. Masufuria ya umeme ya mgandamizo, yanayoivisha maharage kwa muda mfupi, yalionekana madukani. Chupa za gesi pia. Watu walianza kuamini makabati yao.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege baada ya kuteketeza maelfu ya nyumba kaskazini ya mji na kuharibu mabomba ya maji, na siku tano baadaye serikali iliamuru kartie kumi zihame. Kisha vita. Mwanzoni mwa 2024 barabara za Masisi na Rutshuru zilifungwa, chakula na makala vikapanda bei. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 walipoingia Goma, umeme ulikatika kwa siku kadhaa, na pampu za maji zikasimama pamoja nao. Watu walishuka ziwani na bidoni. Katika nyumba zenye makabati mazuri kabisa friji zilinuka. Waliokuwa na gunia la makala kwenye stoo na mbabula chini ya paa walipika, wakawagawia majirani.

Mwenye kujenga anaweza kuomba kitu tofauti. Ni majiko mawili chini ya paa moja, la ndani na la nje yakitenganishwa na ukuta mmoja wa mawe ya lava, wenye bomba moja la moshi linalotumika pande zote mbili na dirisha la kupitishia sahani. Upande wa nje kuna kuta nusu za kuzuia upepo wa ziwa, jukwaa la chini la mbabula mbili, na stoo kavu ya makala iliyoinuliwa kutoka sakafuni. Tanki la mvua liko juu ya paa la jiko, si la saloni, ili maji yashuke yenyewe hadi sinki bila pampu. Gharama inayoongezeka si kubwa, kwani ukuta na bomba ni vilevile. Inayopungua ni ya makabati, maana jiko la ndani likijua kwamba halipiki peke yake linaweza kuwa dogo. Kazi ngumu ni kumshawishi mteja aweke kamraba ka nyuma kwenye karatasi mapema, kabla nyundo haijagusa mwamba.